Masega ya pikapu yako yana bei. Nani anafaidika ukiyauza?

Kama una pikapu ya petroli iliyozeeka kidogo, huenda umeshaulizwa swali hili gereji, stendi, au hata kwa ujumbe wa simu: "Masega yapo? Nikupe hela, nikuwekee na bomba jipya, gari litavuta zaidi mlimani."

Wasikilizaji wetu wa Ipinda, Matema, Ngonga na Kyela mjini wanatuuliza kama maneno hayo ni ya kweli. Jibu letu fupi ni kwamba gari linaweza kuvuta vizuri zaidi ekzosi yake ikitengenezwa, ila mara nyingi si kwa njia hiyo. Na anayekupa hela anajua thamani ya anachochukua kuliko wewe unayekitoa. Jibu refu linahitaji maelezo kidogo, kwa sababu ndani yake kuna mambo ya injini, ya mlima na ya soko la madini duniani.

Kwanza tuwaondoe wenye dizeli. Hilux nyingi za zamani huku kwetu ni za dizeli, na hizo hazina masega. Habari hii ni ya wenye petroli ya EFI, yaani gari ambalo petroli yake hunyunyizwa na nozeli zinazoongozwa na kompyuta, halina kabureta. Humo zimo Hilux za petroli za miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni, Townace za kubebea mizigo, na kirikuu, yaani Suzuki Carry ya cc 660, ambayo siku hizi imechukua kazi nyingi za kupeleka mpunga, ndizi na kokoa barabarani.

Masega ni nini

Moshi ukitoka kwenye injini hupita kwenye manifoldi, halafu bomba la mbele, halafu kopo la chuma lenye kauri ndani iliyotobolewa matundu madogo madogo mengi kama sega la nyuki. Mafundi wamelipa kopo hilo jina zuri kabisa. Baada ya hapo huja sailensa na mkia wa bomba. Kauri ile imepakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Yakishapata joto, kama nyuzi 400 hadi 800 za Selsiasi, madini hayo hugeuza sehemu kubwa ya sumu za moshi kuwa hewa isiyo na madhara ya papo kwa papo. Masega mazima yakiwa na joto hupunguza gesi za sumu kwa zaidi ya asilimia 90.

Mbele ya masega kuna sensa ya oksijeni, kitu chenye umbo la plagi kilichofungwa kwenye bomba. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kama petroli imezidi au imepungua. Kompyuta husikiliza na kurekebisha, mara nyingi kwa sekunde moja. Hii ndiyo tofauti kubwa na gari la kabureta. Kwenye kabureta, bomba la moshi ni bomba tu. Kwenye EFI, bomba la moshi ni sehemu ya mfumo wa kupima petroli, na ukiligusa bila kujua umegusa na tangi.

Si kila pikapu ya EFI ina masega. Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli yenye risasi mwanzoni mwa 2006, baada ya nchi kukubaliana mjini Dakar mwaka 2001. Risasi huua masega haraka sana. Kwa hiyo, kabla ya hapo, pikapu nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Afrika na kununuliwa zikiwa mpya, na zikagawiwa kwenye miradi, misheni na ofisi za serikali, zilikuja bila masega na mara nyingi bila hata sensa. Zilizotoka Japani zikiwa zimetumika zina vyote viwili. Hilux mbili zinazofanana kwa macho, moja iliyokuwa ya mradi na nyingine iliyopita bandarini ikitoka Japani, zinaweza kuwa na ekzosi tofauti kabisa. Fundi asiyeingia chini ya gari kuangalia kwanza, kisha akakupa ushauri, anakisia.

Mlima nao unachukua chake

Malalamiko tunayoyasikia zaidi ni haya: "Gari likiwa Bondeni liko sawa, likifika Tukuyu linachoka." Mmiliki anaambiwa masega yameziba. Inawezekana. Lakini kabla ya kuyalaumu, hesabu mwinuko.

Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Kyela mjini hapazidi hapo sana. Barabara ya kwenda Uyole hupanda hadi zaidi ya mita 2,000 kabla ya kushuka tena. Injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa sababu hewa inakuwa nyepesi. Kwa safari yetu hiyo ni kama asilimia 15. Hilux yenye injini ya lita 2.7, ambayo ikiwa mpya ilitoa takribani nguvu farasi 150, inafika juu ikiwa imepoteza zaidi ya 20. Kirikuu yenye takribani 50 inapoteza saba au nane, na imebeba magunia yaleyale.

Linganisha na faida ya bomba. Kubadilisha bomba na sailensa ya nyuma kwenye injini za namna hii, hata kwa kazi nzuri, huongeza nguvu farasi chache tu, na nyingi hupatikana injini ikiwa inazunguka kwa kasi sana. Dereva aliyebeba kokoa akipanda kutoka Ibanda yuko gia namba mbili, injini ikiwa kwenye mizunguko 2,000 au 3,000. Hapo faida hiyo haipo.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa mabomba makubwa hawalisemi. Moshi unahitaji kasi. Bomba likiwa pana kuliko saizi ya injini, moshi unapoa, unapunguza mwendo, na injini inapoteza nguvu kwenye mizunguko ya chini, yaani palepale unapopandishia mlima. Kwa injini ya lita 2 hadi 2.7, bomba la inchi 2 hadi inchi 2 na robo linatosha. Kwa kirikuu, inchi moja na robo au moja na nusu. Ukiona mtu anaifungia kirikuu bomba la inchi 2 na nusu, anachokuongezea ni kelele. Mlio mzito hudanganya sikio, na dereva huamini gari limekuwa na nguvu kwa sababu linanguruma.

Jinsi ya kujua kama yameziba kweli

Masega huziba. Lakini hayazibi yenyewe. Huzibwa na injini inayokula oili, plagi iliyokufa, waya wa plagi unaovuja moto, au nozeli inayomwaga petroli kupita kiasi. Petroli isiyoungua huingia kwenye masega na kuungulia humo, kauri inapata moto mpaka inayeyuka. Ukiyatoa masega bila kutibu chanzo, umeondoa shahidi na mwizi bado yumo ndani.

Dalili za kuziba ni gari kukosa pumzi kadiri unavyokanyaga, injini kuchemka bila sababu nyingine, na kopo la masega kuwa jekundu usiku. Lakini dalili hizo zina ndugu wengi: chujio la petroli lililojaa, pampu iliyochoka, chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara ya mashambani. Hivi ni vya bei nafuu. Vianze hivyo.

Vikishaondolewa, mwombe fundi apime. Njia nzuri ni kufungua sensa ya mbele na kufunga geji ya presha kwenye tundu lake. Injini ikiwa kwenye mizunguko 2,500, presha isizidi takribani psi 3. Ikizidi sana, kuna kitu kimeziba mbele ya safari, na kinaweza kuwa masega au sailensa iliyobomoka kwa ndani. Kama geji haipo, fundi anaweza kulegeza flanji iliyo mbele ya masega na kulijaribu gari kwa mwendo mfupi. Litapiga kelele sana, lakini likirudisha nguvu ghafla umepata jibu. Njia ya tatu ni kuligonga kopo kwa nyundo ya mpira likiwa limepoa. Likilia kama debe lenye changarawe, kauri imevunjika.

Mito yetu nayo ina mchango. Masika, maji ya Mbaka na Lufilyo yakipita barabarani, pikapu iliyotoka mbali huingia majini ikiwa na kopo la moto. Kauri haipendi maji baridi ya ghafla. Subiri dakika chache injini ipoe kidogo kabla ya kuvuka. Na kama maji yanafika kwenye mkia wa bomba, usizime gari katikati.

Ukiyatoa nini kinatokea

Kama gari lina sensa ya pili nyuma ya masega, taa ya injini itawaka na kubaki imewaka. Mafundi wengine huificha kwa kuisogeza sensa nje kidogo ya bomba, au huchomoa balbu ya dashibodi. Baada ya hapo, siku injini ikiwa na tatizo la kweli, hakuna kitu kitakachokuambia.

Kubwa zaidi ni ufundi wa kuchomelea. Bomba likiwa na ufa au kiungo kinachovuja kabla ya sensa, hewa ya nje huvutwa ndani kati ya pumzi moja ya injini na nyingine. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaripoti kwamba petroli ni kidogo, na kompyuta inaongeza. Gari linaanza kunywa na mwenye gari anashangaa, kwa sababu aliambiwa litabana matumizi. Huku Bondeni, ambako petroli husafirishwa zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam kabla ya kufika kituoni, na ambako bei kikomo ya EWURA inaonyesha gharama ya umbali huo kila mwezi, ufa mdogo kwenye bomba ni hasara ya kila siku. Kwa maoni yetu, kuziba uvujaji huo ndiyo kazi ya kwanza na yenye faida kuliko zote kwenye ekzosi ya zamani.

Halafu kuna hewa ya sumu. Kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na hushika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Gari lisilo na masega hutoa nyingi zaidi, na bomba likivuja chini ya kabini hewa hiyo huingia ndani. Kwenye kirikuu injini iko chini ya viti, kwa hiyo njia ni fupi. Maumivu ya kichwa na kichefuchefu anavyopata dereva katika safari ndefu, madirisha yakiwa yamefungwa kwa ajili ya mvua na baridi ya Isongole, si uchovu siku zote. Watu wanaokaa nyuma juu ya mzigo, jambo ambalo sheria inalikataza na sote tunaliona kila siku ya gulio, wako karibu zaidi na mkia wa bomba.

Nani ananunua, na kwa nini

Kinachowavutia wanunuzi ni yale madini matatu. Zaidi ya robo tatu ya rodiamu yote duniani inachimbwa Afrika Kusini, na viwanda vya magari vinaigombania. Machi 2021 aunsi moja, kama gramu 31, ilikaribia dola 30,000 za Marekani, wakati dhahabu ilikuwa chini ya dola 2,000. Huo ndio wakati wizi wa masega ulipolipuka Marekani na Ulaya, watu wakiamka asubuhi na kukuta bomba limekatwa kwa msumeno. Katikati ya 2023 rodiamu ilikuwa imeshuka hadi chini ya dola 5,000, kisha ikapanda tena kiasi.

Masega moja yana gramu chache tu za madini hayo kwa jumla, na hakuna fundi wa Kyela anayeweza kuyachuja. Kopo linakusanywa, linapita mikono kadhaa, na linasafirishwa kwenda viwanda vikubwa vya kuyeyushia nje ya nchi. Kila mkono unachukua faida yake, na wa kwanza kulipwa, mwenye gari, hupata kidogo kuliko wote. Wanunuzi wazoefu husoma namba iliyochapwa kwenye ganda la kopo na kuangalia bei yake kwenye simu. Wewe hujaiona namba hiyo. Masega halisi ya kiwandani yana madini mengi, yale ya kubandika ya bei nafuu yana kidogo. Kwa hiyo fundi anapokuambia "nitayatoa bure na kukuwekea bomba", bure hiyo ni hesabu, na yeye ameshaifanya.

Hatusemi kila fundi ni mjanja. Wapo wanaoamini kwa dhati kwamba masega ni kizuizi, kwa sababu walijifunza kazi enzi za kabureta na kila walilolitoa lilikuwa limeziba. Lakini magari mengine yanafika hapa nchini yakiwa yameshatolewa masega huko yalikotoka. Ripoti ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ya Oktoba 2020 ilisema magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa nje kati ya 2015 na 2018, na takribani asilimia 40 yalikuja Afrika. Wakaguzi wa Uholanzi waliochunguza magari yanayopelekwa bara hili mwaka huohuo walikuta mengine hayana masega kabisa.

Ekzosi nzuri kwa kazi ya huku

Kama fedha ya kokoa au mpunga imeingia na unataka kuitengeneza ekzosi vizuri, tungeanzia kwenye manifoldi: gasketi mpya, boliti zote zipo, hakuna ufa. Kisha sensa ya oksijeni. Iliyotembea zaidi ya kilomita laki moja huchoka na kuripoti kwa kuchelewa, na kuibadilisha kunaweza kukurudishia petroli kuliko bomba lolote. Mkataze fundi kupaka silikoni ya kawaida ya gasketi kwenye viungo vya ekzosi, kwa sababu mvuke wake huua sensa.

Bomba lenyewe liwe la saizi tuliyoitaja, likunjwe kwa mashine lisibonyee kwenye kona. Ziwa letu si la chumvi, lakini unyevu wa Kyela na safari fupi fupi za shamba hadi mjini huozesha sailensa kutoka ndani, kwani maji yanayotokana na moshi hayapati joto la kuyakausha. Chuma cha pua ni ghali lakini hudumu, na chuma chenye mpako wa alumini ni cha katikati. Gari lililotumika Hokkaido, ambako barabara humwagwa chumvi wakati wa theluji, likaguliwe zaidi kwa kutu.

Fundi wa kuchomelea kwa umeme achomoe betri kwanza, na waya wa ardhi aufunge karibu na anapochomea. Umeme ukipita kwenye kompyuta ya gari, kazi ya nusu saa inageuka msiba. Bati la kukinga joto juu na chini ya masega lirudishwe, lisitupwe kwa sababu linapiga kelele. Wakati wa mavuno watu huegesha juu ya majani makavu ya mpunga, na kopo la nyuzi mia kadhaa chini ya gari linaweza kuwasha uwanja mzima.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za ubora wa hewa za 2007 zinagusa moshi wa magari, lakini kwa mwenye pikapu kijijini ukaguzi ni trafiki, ambaye huona moshi na kusikia kelele. Majirani wamekwenda njia nyingine. Kenya hairuhusu gari lililozidi miaka minane kuingia, na Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 yaliyozidi miaka 15. Tanzania imechagua kutoza ushuru wa ziada kwa uchakavu, na kwa hiyo magari ya zamani yataendelea kuwa ya kwetu kwa muda mrefu, tutengeneze tusitengeneze. Siku upimaji wa moshi ukianza kwa dhati, aliyeuza masega atalazimika kununua mengine, na atayanunua kwa bei ya duka.

Kama bado umeamua kuyauza, piga simu kwanza kwenye maduka ya vipuri Mbeya uulize bei ya mengine ya gari lako, kisha ilinganishe na ulichoahidiwa. Na fundi yeyote anayekuahidi kwamba bomba lake litabana matumizi, mpime. Jaza tangi hadi juu kwenye kituo kilekile cha Kyela, nenda Uyole na mzigo uleule na kurudi, jaza tena na uandike lita. Fanya hivyo kabla ya kazi na baada ya kazi, na hela ya mwisho aipokee baada ya safari ya pili.